Kurasa za Otopailoti Zilizofungia Korosho

Jumatano, 14 Mei 2025

Daftari langu, niwie radhi. Tangu Idi sijakushika. Zuena anaota meno, mikono haipumziki.

Baba yake, Ashrafu, kapiga simu kutoka chuoni Dar. Kompyuta yake imeungua, na kazi yote ya mtihani imo humo. Jumatatu anasimama mbele ya walimu. Akikosa, anarudia mwaka. Mwaka mwingine peke yangu hapa Nyamwage! Kasema hesabu ziko kwenye daftari la bluu, kaliacha juu ya kabati. Nipige picha nimtumie.

Juu ya kabati — vumbi tu.

Alhamisi, 15 Mei

Nimelipata. Jalada tu! Mama mkwe kachana kurasa, kafungia korosho za kuwauzia abiria wa mabasi. Eti limeandikwa pande zote mbili, akajua limekwisha kazi.

Nikamwuliza kwa adabu, lakini nikamwuliza: Mama, kurasa zimebaki ngapi?

"Usinitolee macho, mkwe wangu. Tisa."

Zimelowa mafuta.

Ijumaa, 16 Mei

Zuena ana joto. Nimembeba mgongoni huku namsomea baba yake kwenye simu, maana picha hazisomeki. Zinahusu ndege inayoipita sauti kwa kasi, juu kabisa, hewa nyepesi. Otopailoti, mtambo wa kurusha ndege badala ya rubani, ndiyo inayoshika usukani. Ikikuta hewa ya joto, kipimo cha kasi kinashuka ghafla. Inainamisha pua kufidia, urefu unapotea. Inainua — inapitiliza. Juu, chini, juu, chini!

Nikasema, si uiambie isiwe na pupa?

Kacheka: "Mke wangu, miezi minane naipunguzia pupa hiyo hiyo."

Lakini kaipunguza kwa kiasi gani? Namba hizo tatu hazimo katika kurasa zile tisa.

Jumamosi, 17 Mei

Sijalala. Asubuhi mama kakumbuka: mzigo mzima kampa Maneno, konda wa basi la Lindi, auze njiani. Nimempigia.

"Dada, zimebaki pakti saba, nyingine watu washatafuna. Kwani ni siri za serikali?"

Nikamwambia asitupe hata kipande, ni mwaka wa mume wangu huo. Kaacha utani. Kasema niandike ninazozitaka, atafungua pakti zote apige picha.

Namwandikia alizonitajia Ashrafu:

Ukurasa wa 11, jedwali la joto la hewa.

Wa 14, mchoro wa mawimbi, mstari mwekundu na wa bluu.

Wa 15 na 16, zote.

Wa 22, namba tatu zilizozungushiwa duara. Huo hata nusu, Maneno. Na kama umeuzwa — aliyenunua kashukia wapi?