Meli Isiyosimama Ziwani

Jumatatu, 3 Februari
Baba kala uji kidogo, dawa kazitema. Nimefua shuka. Theluji ya Buffalo haina haya, imepanda hadi dirishani. Kule ghalani Columbus ninakofanya kazi niliomba ruhusa ya wiki mbili. Wamenipa moja.

Kaka Désiré kapiga simu kutoka Louisville: "Bon, umemuuliza?" Bado. Mwezi ujao anakwenda Kigoma kumjengea mama kaburi, na hatujui alizikwa wapi. Anayejua ni Baba peke yake.

Jumanne, 4 Februari
Nimemuuliza. Kanijibu habari za meli. Miaka yote alichochea moto kwenye meli ya mvuke ya Ziwa Tanganyika, na leo hana mke wala watoto, ana meli tu. Ilianza ikiwa manowari, anasema. Ililetwa kutoka Ulaya vipande vipande, ikaungwa ufukweni, ikafungwa mzinga. Ikapigana vita vya wazungu. Nimekasirika sana.

Alhamisi, 6 Februari
Homa imempanda Baba, na hadithi inaendelea. Meli imevuliwa mzinga, sasa inabeba dagaa na mawese. Baba kijana, ndiyo kwanza kaajiriwa. Anajisifu: "Haikusimamaka katikati ya maji. Hata siku moja." Wimbo wake huo tangu tukiwa watoto.

Na mama je? Akageukia ukutani. Nimelia jikoni, bomba nimelifungulia asinisikie.

Ijumaa, 7 Februari
Muuguzi anasema si siku nyingi. Désiré: "Umubane aseme." Aje ambane yeye.

Jumamosi, 8 Februari
Leo meli imefika kwenye vita vyetu, vilivyotufukuza nyumbani. Watu wamejaa hadi juu, wanakimbilia Kigoma. Mama yumo, mgonjwa, mimi bado nanyonya. Baba yuko chini, kwenye moto. Sikuuliza kitu. Nilimwacha aseme.

"Donc, niliwadanganya. Ilisimamaka mara moja. Mama yenu alikufaka njiani, kapiteni akasema tuzime mashine. Mie mwenyewe njo nilifunga mvuke. Watu wakaimba, wakamushusha mu maji."

Akaomba maji ya kunywa. Nikamshikia kikombe.

Mama hana kaburi. Mama yuko ziwani.

Jumapili, 9 Februari
Baba ametutoka alfajiri. Nimempigia Désiré, nikamweleza yote, na habari ya mama.

Jumamosi, 15 Februari
Tumemzika asubuhi. Ardhi imeganda, walichimba kwa mashine, nayo ilikuwa bado inanguruma pembeni wakati mchungaji anaomba. Désiré akamwendea dereva, akamwomba azime. Akazima. Tukaimba.