Kuku Wananidharau, Mke Wangu Wanamkimbilia

Mshauri wetu mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana hapa nilipo chakula hakipiti, na aibu yenyewe ni ya kuku. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, nina mke na kuku wetu wa kienyeji, na zamani jioni nikigonga sufuria kwa kijiko walikuwa wanakuja mbio hadi wanakanyagana, lakini siku hizi nikigonga wanainua vichwa, wananitazama, kisha wanaendelea kuchakura kana kwamba aliyegonga ni jirani, ila mke wangu akitikisa lile kopo lake, hata aliyeko nyuma ya choo anatoka mbio mabawa juu, na sufuria yangu ina sauti kuliko hilo kopo, tena siwapigi, nawaita tu waingie bandani nifunge mlango nipumzike. Nikamweleza mwenzangu kazini, akazima mashine, akasema, "Kaka, hao wamelishwa kitu. Na baada ya kuku, anayefuata ni wewe." Nilipomuuliza mke wangu amewapa nini, akanijibu, "Mahindi," akacheka, na kile kicheko ndicho kilichonimaliza. Nimeshawaita wazee wa pande zote mbili waje Jumapili, nataka arudi kwao. Je, nakosea?

Fundi Mwenye Sufuria

JIBU

Fundi, shusha pumzi. Mkeo hana dawa yoyote, na wewe hufuati baada ya kuku. Alikujibu ukweli mtupu: mahindi. Nimeirudia barua yako nikitafuta mahali ulipotia hata punje moja kwenye hiyo sufuria, sikupaona. Kopo likilia, kuna kula. Sufuria ikilia, kuna kufungiwa. Mwanzoni kuku hawakujua tofauti, wakazikimbilia zote mbili, nawe ukadhani unaheshimiwa. Kidogo kidogo wakajua sauti ipi ina chakula na ipi ni kelele. Wanainua vichwa kuhakikisha ni ipi, basi. Hiyo si dharau, ni akili, na samahani, wameitumia kuliko wewe na huyo mwenzako wa mashine.

Naelewa ulivyoumia. Mtu ametoka kazini macho yanamuwasha kwa moto, angependa apokelewe, hata na kuku. Lakini kumrudisha mwanamke kwao kwa sababu ya kopo! Huoni haya?

Sasa sikiliza. Sufuria irudi jikoni, imeshajiharibia jina. Anza sauti mpya: piga mluzi, na kila ukipiga, mwaga mahindi humo humo bandani. Usiwadanganye hata siku moja, hata ukiwa na haraka. Mwanzoni watasitasita, vumilia. Mkeo muombe radhi leo, kabla hujavua viatu. Akicheka, cheka naye.

Wazee usiwakatie safari. Waache waje, wapikie washibe, sema mliwakumbuka tu, maana mtu mzima naye akiitwa bure mara moja, safari ya pili anajifanya hasikii. Chinja jogoo. Ila siku hiyo usimwite kwa mluzi. Mvizie.