Siku Meneja Alipopewa Rosti

Mjukuu wangu Mghoi,

Huku Voi tu wazima. Babu yako anakohoa kidogo, lakini bado anabishana na redio. Umeniuliza kama najua maana ya kuroastiwa, kwa vile bosi wako amekuroasti mbele ya wenzako. Najua sana.

Nilipokuwa mpishi wa meneja wa shamba la mkonge, wakubwa wake walikuja asubuhi moja kukagua kazi. Walipoondoka, nilimsikia akimwambia karani kwa Kiingereza kwamba wamempa rosti. Nikadhani ni nyama, ameshashiba. Basi mchana nikamwekea mezani mchicha peke yake.

"Nyama iko wapi?" akafoka.

"Si wageni wamekupa rosti, bwana?"

Karani alitoka mbio akacheke nje. Mimi nikajua kazi imekwisha. Lakini meneja alinieleza polepole kwamba wamemkaripia mpaka masikio yakawaka moto. Sauti ilimtetemeka, yeye aliyetukaripia sisi kila siku! Nikamhurumia, nikamkaangia mayai mawili.

Kesho yake alitukaripia kama kawaida, ila mimi nilishindwa kabisa kumwogopa.

Ule vizuri, mama.

Nyanya yako anayekupenda