Usitafute Vyandarua, Ninavyo Mimi

Mama watoto,

Chai ipo kwenye chupa. Mlango wa nyuma usukume kwa goti, komeo limegoma tena.

Na usitafute mwizi wa vyandarua. Ni mimi. Leo ndiyo mechi ya mwisho. Tusiposhinda, tunashuka kutoka daraja la kwanza. Asubuhi kamisaa wa mchezo kakagua uwanja, kasema bila nyavu hakuna mpira. Nyavu za timu nimezitunza humu ndani miaka sita kama mboni ya jicho, wewe ukazungushia banda la kuku bila hata kuniuliza! ~~Nimezing'oa.~~ Nilitaka kuzing'oa, yule kuku anayeatamia akanidonoa mpaka damu. Nikampigia kamisaa kuhusu vyandarua. Kacheka weee, kisha kasema wavu ni wavu.

Basi chetu kinakaa goli letu, cha mama yako goli la wapinzani. Timu zikibadilishana magoli mapumziko, na mimi navibadilisha.

~~Mwambie mama nimekiazima.~~ Usimwambie mama kitu. Jioni washeni dawa ya mbu mapema.

Mtuombee. Chandarua cha mama kikirudi kizima, ujue tumeshuka daraja.

Baba watoto, mtunza vifaa