Gari la Bwana Bujiku Likija, Usipande

Mabasi ya Bujiku na Wanawe,
Shinyanga.
12 Agosti 1971

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, mama. Natumaini barua hii inakukuta umeamka salama, na lile goti la kushoto limepungua kuuma kwa kuwa baridi ya asubuhi inaelekea kwisha. Shemeji Coletha hajambo? Watoto je? Mtama umeshaingia ghalani, au mwaka huu nao ndege wamevuna kuliko ninyi? Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, naenda kazini. Tangu tumzike Kaka Telesphori mwezi wa tatu nina ganzi, kama mkono ulioulalia usiku kucha: naugusa, naona ni wangu, lakini hausikii.

Nimepata habari zako kwa Esta, yule muuguzi wa Ushirombo aliyekuja huku kwa mafunzo. Ameniambia kwamba katika zile nyumba sita zilizofiwa kwenye ajali ya basi la Kaka, umeshakwenda tano kuomba radhi, na imebaki moja tu, kwa Mama Mageni kule Nyarugusu aliyempoteza mumewe. Anasema unakwenda kwa miguu na unga wa mtama kichwani, unakaa chini nje ya uzio mpaka wakukaribishe, kama desturi yetu inavyomtaka mzazi ambaye mwanawe ameua watu. Mama, hiyo nyumba ya sita usiende. Na gari la Bwana Bujiku likija kukuchukua Jumatano, usipande. Sababu nitakupa, ila univumilie nianzie mbali kidogo.

Wewe huwaambia watu kwamba mimi ni karani. Si karani hasa. Bwana Bujiku alinipeleka Mwanza wiki tatu, nikarudi na cheo cha afisa uhusiano. Kazi yenyewe ni kujua watu wanaisemaje kampuni, kuamua unataka waisemeje, kutafuta neno moja jepesi la kuwapa, na kulipitisha kwenye midomo wanayoiamini. Halafu unapima. Mwalimu wetu alisema kwamba kazi hiyo isipopimwa ni umbea tu. Nililipenda sana neno hilo, nikaliandika kwenye jalada la daftari langu.

Alitupa karatasi za maswali ya kuwauliza watu. Huku kwetu ukimwendea mtu na karatasi anadhani umetumwa na watu wa kodi, atakubali kila kitu ili uondoke. Kwa hiyo nikatunga kipimo changu: salamu. Basi likisimama, utingo huwaamkia waliopo kituoni, nawe unajua salamu ya Kisukuma haina haraka. Watu wakiishia kwenye mwangaluka, ile ya kuamkiana tu, naandika moja. Wakimuuliza ukoo wake, mbili. Wakifika kwenye mvua na ng'ombe na habari za nyumbani kwake, tatu. Wakinyamaza, sifuri. Bwana Bujiku alicheka alipokiona kipimo hicho, lakini baada ya mwezi mmoja akawa haanzi siku bila kuuliza Isaka wametupa ngapi.

Baada ya ajali tulipata sifuri kila mahali. Isaka watu walishuka kwenye treni na mizigo yao wakakaa juani kusubiri gari la mwingine. Nikaandika mpango. Tulipeleka sukari na sanda kwenye misiba yote sita. Tulipaka mabasi rangi ya bluu badala ya nyekundu. Matingo walitakiwa kuvua kofia kila wapitapo kwenye ule mteremko wa ajali. Bwana Bujiku mwenyewe alilala matanga siku mbili, juu ya mkeka, na wala hakulalamika. Mwezi wa tano ukapita na sifuri zake. Mwezi wa sita namba zikaanza kupanda. Mwezi wa saba Ushirombo walitupa tatu, na wenye mabasi wengine wa hapa mjini wakaniita niwaeleze tulifanyaje. Niliwaeleza vizuri, wakapiga makofi.

Esta aliponisimulia safari zako nilichukua daftari nikalinganisha tarehe. Kila mahali namba imepanda wiki moja baada ya wewe kupita. Rangi ya bluu haikufanya kitu, mama. Sukari haikufanya kitu. Watu walimwona mama mzee amekaa kwenye vumbi anaomba radhi kwa ajili ya mwanawe, wakaona aibu kuendelea kutununia.

Nikafanya kosa la kumpelekea Bwana Bujiku matokeo hayo, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Alisema si vizuri bibi mzima kuteseka kwa miguu hadi Nyarugusu. Akaagiza basi jipya likuchukue Jumatano, ukae kiti cha mbele, lisimame kila kituo watu wakuamkie, na mimi nitangulie kutangaza kwamba unakuja. Niliuandika mpango huo kwa mkono wangu, nikautia sahihi. Ndipo usiku nikajiuliza mimi ni mtu wa namna gani.

Sasa nikuambie lile nililokuficha. Siku ya ajali simu ililia saa tatu asubuhi kutoka Kahama: basi limeacha barabara, abiria sita wamekufa pamoja na dereva. Zamu ilikuwa ya Ngassa, ambaye mji mzima unamjua kwa pombe. Bwana Bujiku aliniuliza tutasema nini. Nilijibu palepale kwamba tuseme dereva alikuwa amelewa. Nilifurahi, mama, jinsi neno lilivyokuja upesi. Kabla ya saa sita matingo wa mabasi mengine walikuwa wameshalifikisha kila kituo. Saa kumi jioni ndipo tukajua kwamba Ngassa aliamka mgonjwa, na Kaka Telesphori alimshikia zamu.

Neno hilo ningeweza kulirudisha. Bwana Bujiku alisema tuliache, maana ndugu yake mwenyewe akilisema nani atabisha. Nami nikasimama makaburini nikaomba watu watusamehe kwa ulevi wa kaka yangu. Jioni uliniambia hujamwona hata siku moja akionja pombe, hata kwenye harusi yake alikunywa soda. Nikakujibu kwamba mjini alibadilika. Uliniamini kwa sababu mimi ndiye niliyekaa naye mjini.

Hakuwa amelewa. Basi lile alikuwa akipokezana na Ngassa, na kwenye kitabu cha gari, kwa mwandiko wake, aliandika mara tatu wiki ile kwamba breki hazishiki. Mara ya tatu aliomba gari lisitoke mpaka fundi alitazame. Bwana Bujiku aliniagiza niuchome ukurasa huo. Sikuuchoma, na wala sikumwonyesha mtu. Umo ndani ya bahasha hii.

Nimefikiri sana kuhusu Ngassa. Angekufa yeye, nadhani ningekuwa nalala vizuri mpaka leo, na mama yake ndiye angekuwa anatembea na unga kichwani. Wazo hilo linanitia hofu, na hofu hiyo ndicho kitu cha kwanza nilichokihisi tangu mwezi wa tatu.

Ningekuja kukuambia ana kwa ana, lakini nikiukuta uso wako nitatafuta neno jepesi. Ndiyo sababu nimempa Esta barua hii mkononi. Katekista Leodgar, wewe unayemsomea mama, Tumsifu Yesu Kristo. Tafadhali usiruke mstari kwa kumwonea huruma. Na Jumapili hii, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, mama akiridhia, naomba uwasomee watu wote barua hii nje ya kanisa baada ya misa, pamoja na ukurasa wa kitabu cha gari. Wewe wanakuamini.

Jumatatu nitakuwa hapo. Kazi nimeshaiaga, ila mwenye kazi hajajua. Nitaanzia kwa Mama Mageni, kisha zile tano, na nitakaa nje ya uzio. Wasiponikaribisha nitaendelea kukaa.

Mama, siombi unisamehe katika barua hii. Pumzisha goti. Nisalimie jirani zetu wote wa bondeni. Shemeji Coletha mwambie kwamba mumewe alipanda gari lile kwa sababu aliambiwa apande. Watoto wake wasiinamishe tena vichwa shuleni.

Ni mimi mwanao,
Clemens,
mdogo wake Telesphori, ambaye hakuwa amelewa.