Kamba Moja, Mashamba Mawili

Mwalimu Kibwana,

Shikamoo. Mkono umeandika salamu kabla sijakumbuka kwamba safari hii hutaitikia. Nimeiacha hivyo hivyo, maana sijui njia nyingine ya kuanza kuzungumza nawe.

Habari ya kufariki kwako ilinifikia siku ya tatu. Kondakta wa basi la Morogoro alinipa kikaratasi pale kituo cha Kwa Mathias, kimepita mikono ya watu wanne. Nilipofika Kurui watu walikuwa wanakunja mikeka. Sikukuzika, Mwalimu. Nilikaa na mkeo, Mama Asha, tukachambua mchele, kisha nikarudi Kongowe kwa sababu darasa la tano ninalolifundisha lilikuwa peke yake.

Kuna jambo sikukwambia ulipokuwa hai, na ndilo linalonikalisha kuandika.

Unakumbuka mwaka tuliohamishiwa kijiji kipya, huko Kurui. Kamati iligawa mashamba kwa kamba. Kila kaya ilizungushiwa kamba ile ile, urefu ule ule, ili asije mtu akasema kapunjwa. Jirani yetu alipata mahali tambarare, shamba lake likakaa mraba. Bibi yangu, mjane, alipewa kando ya bonde, shamba jembamba kama ujia. Tulipopanda muhogo, jirani alimaliza mbegu zake zote, ingawa tuligawiwa sawa. Sisi tulibaki na mizigo miwili, na mahali pa kupanda hapakuwapo.

Bibi akaniuliza, "Wewe unayesoma, mbona kwetu imebaki?"

Nikaja na swali lile darasani. Nilikuwa darasa la sita, nasimama nimeshika kona ya dawati. "Mwalimu, kamba ikiwa moja, na shamba linakuwa moja?"

Ulikuwa unafuta ubao. Hukugeuka. "Mzunguko sawa, shamba sawa. Kaa chini, Mwanahamisi."

Nikakaa. Sikukulaumu. Watu walikuwa wanakujia na maswali tangu alfajiri: kilo moja ni ratili ngapi, mita inazidi yadi kwa kiasi gani, dawa ya mtoto vijiko vitatu kwa siku igawanywe vipi. Ulikuwa umechoka. Lakini jibu lako halikubaki darasani. Bibi alipokwenda kulalamika, mwenyekiti alimwambia, "Mwalimu mwenyewe kasema ni sawa." Bibi akarudi nyumbani, akazitupa zile mbegu jalalani.

Siku chache baadaye uliingia darasani na kiberiti. Ulitoa njiti kumi na mbili ukazipanga mezani, tatu kila upande, ukatuita tuhesabu vyumba vya njiti moja kwa moja vinavyoingia ndani yake. Tisa. Ukazipanga tena njiti zile zile, tano kwa moja. Vyumba vitano. Kisha ukasema, mbele ya watoto arobaini, "Mwanahamisi aliniuliza, nami nikamjibu bila kufikiri. Nilikosea."

Ningependa kukwambia nilifurahi. Niliogopa. Sikuwa nimewahi kumsikia mtu mzima akisema neno lile.

Jumapili ukaenda nalo kwenye mkutano wa kijiji. Uliomba kamba ya kamati, ukawapa vijana wanne wazishike kona, ukatuingiza watoto ndani. Tulienea kama thelathini. Ukawaambia vijana wasogeleane, kamba isilegee, isikatwe. Upande mmoja ukarefuka, mwingine ukafinyika, na sisi tukaanza kusukumwa nje mmoja mmoja, mpaka tukabaki sita tumejipanga mstari.

Ukauliza, "Kamba ni ile ile. Watoto wamekwenda wapi?"

Mwenyekiti alisimama. "Mwalimu, juma lililopita ulisema nini?"

"Nilisema mashamba ni sawa."

"Na leo?"

"Leo nasema si sawa. Nilikupa jibu baya, nawe ukalitumia kwa nia njema. Kosa ni langu."

"Unataka tuanze upya? Watu wameshapanda."

"Sijui mtafanya nini, Mwenyekiti. Hilo ni lenu. Mimi nimekuja kulirudisha jibu langu."

Hawakupima upya. Waliwaongezea watu wa bondeni kipande kule mlimani, Bibi akiwa mmoja wao. Kilikuwa mbali, tena chenye mawe, lakini alikilima mpaka alipokufa. Wewe ulipata jina. Watoto walikuita Mwalimu Kamba. Wakubwa nao wakaanza kukwepa kukuuliza, wakisema huna uhakika na hesabu zako. Ulikaa hivyo karibu mwaka mzima.

Sasa nakuja kwenye lile nisilokwambia. Siku moja ulipita kisimani, wasichana wakaita jina lile kwa nyuma, wakacheka. Nami nilicheka. Bibi yangu alikuwa anakula muhogo wa mlimani kwa sababu yako, nami nilicheka kwa sababu wenzangu walicheka. Uligeuka, ukaniona. Kesho yake ulinikabidhi daftari langu kama kawaida, ukasema, "Swali la nne umelipatia vizuri." Miaka yote hii nimekuja kukuamkia, nimekuletea sukari ilipopatikana, na neno lile sikulitoa. Nisamehe, Mwalimu.

Juma lililopita msichana mmoja wa darasa langu, Tatu, aliniuliza kwa nini sita ukigawanya kwa nusu unapata kumi na mbili. "Kugawanya si kupunguza, Mwalimu?" Nikamwambia ndiyo kanuni, geuza uzidishe. Akakaa. Nikaiona sura yake wakati anakaa, na sikuweza kula mchana ule.

Kesho yake nilimwambia, mbele ya wote, kwamba jana sikumjibu, nilimnyamazisha tu. Nikachora ubaoni mihogo sita, nikauliza kila mtu akipewa nusu, watakula wangapi. Tatu akahesabu kwa kidole, akafika kumi na mbili. Akafikiri, akasema, "Kumbe tunahesabu watu, si mihogo." Watoto wawili nyuma walicheka, sijui walimcheka yeye au mimi. Nilitamani sana uwepo umsikie.

Mama Asha ameniandikia. Anasema watu bado wanakuja jioni na maswali yao, na anaona haya kuwarudisha. Juzi alikuja mama mmoja wa bondeni anataka kujua mchele wa wageni mia na ishirini, akakaa kidogo, akaaga.

Nimeomba ruhusa kwa mwalimu mkuu. Shule ikifungwa kwa likizo nitakuja Kurui, si kutembea. Nitakaa na Mama Asha mwezi mzima, na kila likizo baada ya hapo, maadamu nina miguu. Atakayekuja nitamsikiliza mpaka mwisho kabla sijafungua mdomo. Nisilolijua nitasema silijui.

Pumzika sasa, Mwalimu wangu. Mola akupe nafasi pana huko uliko, akusamehe yako kama wewe ulivyonisamehe langu bila kuombwa. Naanza na yule mama wa mchele. Nitamtafuta nyumbani kwake.

Mwanafunzi wako,
Mwanahamisi