Uso wa Kupeleka Kasulu

Jumatatu, 2 Juni 2014

Nimechaguliwa! Kura tisa kwa sita. Wanawake kumi na tano wa kikundi chetu cha nyuki hapa Kitahana wameamua: atakayekwenda Lusaka mwezi wa nane, kwenye maonyesho ya asali, ni katibu. Katibu ni mimi. (Moja ya zile kura tisa ni yangu. Ningejinyimaje?)

Bwana wa mradi alisoma masharti taratibu. Nauli wanalipa wao. Pasipoti natafuta mwenyewe. Fomu na picha zipokelewe Kasulu mwisho Ijumaa tarehe 20, maana afisa uhamiaji wa hapa Kibondo yuko likizo. Nikichelewa, nafasi inakwenda kwa kikundi cha wanaume cha Murungu.

Mwenyekiti wao, Leonidasi, alikuwepo. Huyo pasipoti anayo tangu enzi za kupeleka maharage Burundi. Alinipongeza, mkono wangu hakuuachia, akauliza kwa upole kama picha nimeshapiga.

Mimi nje ya nchi nimefika mara moja tu, Burundi, kwa kupitia mpaka wa Manyovu. Siku ya soko. Nikarudi na vitenge viwili na maumivu ya mgongo.

Jumatano, 4 Juni

Studio ya Obedi, Kibondo mjini. Nilitoka shamba moja kwa moja, nikanawia bombani.

Obedi ana koti. Jeusi, la kiume, limening'inia nyuma ya mlango. Nikamwambia silihitaji. Akamaka kwa Kiha, "Mawe! Mama Esteri, bila koti utaonekana umetoka kuchimba mihogo." Nilikuwa nimetoka kuchimba mihogo.

Koti lingetosha watu wawili. Akalibana mgongoni kwa vibanio vya nguo, vinne. Mbele mkurugenzi, nyuma kamba ya kuanikia! Nikacheka, akapiga hapohapo.

Kisha kompyuta. Obedi husafisha sura, ndiyo sifa yake wilaya nzima. Akafuta madoa. Akafuta mikunjo ya shingo. Akafuta kovu la juu ya nyusi, lile la jembe la kaka yangu nikiwa na miaka minane. Akanitakatisha mpaka nikawa rangi ya chai ya maziwa. Anasema hiyo ni zawadi, haina malipo.

Nimetazama picha njia nzima. Mwanamke mzuri sana. Simfahamu, lakini mzuri.

Alhamisi, 5 Juni

Nimemwonyesha Pasikali. Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Aliishika picha kwa ncha za vidole, akauliza huyu ni nani. Nikasema mkeo. Akafikiri. Akasema basi ameoa wawili, na huyu wa pili hajawahi kumpikia.

Jumanne, 10 Juni

Kasulu. Basi la alfajiri, vumbi la kiangazi, nimeshuka nikiwa mwekundu kama tofali.

Afisa anaitwa Bwana Gasper. Kijana wa Tanga, maneno yake laini. Akanipa shikamoo, akachukua picha, akaniangalia, akaangalia picha, akaangalia mlangoni. "Mama yangu, mwenye picha yuko wapi?"

Nikasema ndiye mimi.

"Labda mwanao, mama."

Nilifurahi kwa muda wa pumzi moja. Halafu nikaona hakuwa akinisifu. Alinyanyua karatasi mezani, chini yake picha nyingine tatu zilizokataliwa, za watu wa Kibondo. Wote weupe, wote laini, na wote wamevaa lile koti! Anasema koti hilo sasa analifahamu kuliko shemeji yake. Ila koti si kosa, kosa ni uso.

Akanitajia masharti, nimeandika nyuma ya tiketi. Nyuma iwe bluu ya mpauko, isiyo na maua. Masikio yote mawili. Macho wazi. Mdomo umefungwa, hakuna kucheka. Kinachofunika kichwa bila sababu ya dini kivuliwe. Na sura isiguswe.

Nikamuuliza kuhusu kovu. "Hilo ndilo muhimu, mama. Mpakani wataangalia picha, watakuangalia wewe. Wakikuta kovu ambalo kwenye picha halipo, mnaanza maneno."

Miaka thelathini na tisa nashusha kitambaa kulificha. Leo serikali inalitaka.

Ng'ambo ya barabara yupo mama anauza soda, Mwanaamina. Yeye humwona kila anayetoka mle na picha zake mkononi, na hana aibu ya kuuliza. Akasema niache mambo ya mjini. Niende Makere Jumamosi, siku ya soko. Kuna Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Cadet, picha zake hazirudishwi.

Jumatano, 11 Juni

Nimempitia Obedi nimwambie. Kakasirika yeye! Anasema mteja akitoka bila kusafishwa, anasema kamera ni mbovu. Hajawahi kurudishiwa picha kwa sababu mtu amependeza kupita kiasi. Mwishowe akauliza kama ni kweli afisa anazo tatu.

Leonidasi amepiga simu. Anataka kujua kama Kasulu kulikuwa na vumbi.

Jumamosi, 14 Juni

Makere. Soko limejaa, mihogo, dagaa, mitumba. Cadet ana kiti kimoja, kamera, na mashine ya kuchapia inayonguruma kwa jenereta. Mkewe Nadège ndiye ukuta: anashika shuka la bluu, ameinua mikono, yeye mwenyewe haonekani.

"Mama, toa kitambaa. Masikio tuone yote mbili. Mi nakupiga sawa vile uko, sitengenezi kintu."

Koti je? Hana. "Koti ya nini? Koti ndiyo inasafiri?"

Tatizo likawa mdomo wangu. Mtu akinielekezea kamera, mimi natabasamu, sijui kwa nini, labda adabu. Mara ya kwanza, meno. Mara ya pili, meno. Nyuma ya shuka Nadège akaanza kucheka, shuka likatikisika, na mimi nikazidi.

"Mama, usiceke. Mu paspoti hakuna furaha. Waza kintu ya kukukasirisha. Kidogo tu, hapana vita."

Nikawaza Leonidasi ndani ya ndege. Amepewa juisi. Anaichungulia dunia dirishani, na chupa za asali yangu ziko miguuni pake.

"Voilà, ni hiyo," akasema Cadet.

Picha tano. Nimeziangalia zikiwa bado na joto. Kovu lipo. Masikio yapo, makubwa kuliko nilivyodhani. Rangi yangu. Na ghafla nikamwona mama yangu, vilevile alivyokuwa akikaa mlangoni kusubiri mvua ipungue. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba tunafanana. Nimelia kidogo hapo sokoni, halafu nikanunua dagaa.

Pasikali ameangalia. "Ee. Huyu namjua."

Jumanne, 17 Juni

Kila kitu tayari, imebaki barua ya mtendaji wa kata. Yuko kwenye semina, anarudi Alhamisi. Kwa hiyo Kasulu ni Ijumaa, siku ya mwisho yenyewe. Nimeweka picha ndani ya Biblia, Biblia ndani ya sanduku, ufunguo shingoni.

Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Nataka kwenda. Wenzangu nawaambia ni kwa ajili ya kikundi, na ni kweli. Lakini nataka pia mimi kama mimi. Nilipoanza nyuki, miaka sita iliyopita, walisema mzinga ni kazi ya mwanamume, mwanamke atakimbia akisikia mvumo. Sikukimbia. Nataka nisimame nyuma ya meza yenye chupa zetu, mgeni aulize nani kairina hii asali, niseme mimi.

Alhamisi, 19 Juni

Naandika kwa jicho moja.

Barua nilipata saa nne asubuhi, mhuri umekolea. Nikarudi nyumbani naimba. Saa kumi jirani yetu Marcel akaja mbio: ng'ombe wake wameingia kwenye mizinga, namba saba iko chini, kifuniko kimefunguka.

Namba saba! Masega ya sampuli ya Lusaka yamo humo. Mavazi ya kujikinga tunayo matatu. Mawili yamepelekwa kwa fundi kushonwa. La tatu ni lile ambalo wavu wake wa usoni una tundu. Nalijua hilo tundu, nimeliandika mwenyewe kwenye kumbukumbu za kikao.

Marcel akasema niache, kesho nina safari. Wenzangu wote wako msibani Murungu. Nikatazama. Malkia akitoka, kundi lote linaondoka naye. Jua bado kali, masega yako wazi, siafu wameshaanza kujipanga.

Nikavaa. Nikawasha moshi. Nimeuinua mzinga, nimerudisha fremu za masega moja moja, malkia nimemwona, mnene, hana habari. Nikafunika. Ndipo nikasikia mmoja yuko upande wangu wa wavu.

Mikono yangu imeshazoea sumu, haivimbi tena. Jicho halijazoea. Alinichoma chini ya nyusi, akaongeza mwingine shavuni. Miiba nimetoa kwa ukucha, nimeweka kitunguu, nimeweka maji. Pasikali kashika taa, kaniangalia muda mrefu. Anasema kesho litakuwa limepungua. Pasikali hajui kudanganya.

Ijumaa, 20 Juni

Saa nne. Kasulu, kwenye benchi nje ya ofisi.

Halikupungua. Upande wa kushoto wote umefura, jicho ni mstari, kovu limemezwa. Ndani ya basi watu walinipisha kiti. Mama mmoja alininong'oneza kwamba kuna ofisi ya kushtaki waume, yuko tayari kunipeleka. Nikasema ni nyuki. Akasema ndivyo sote tunavyosema.

Bwana Gasper alisoma barua, safi. Fomu, safi. Akachukua picha za Cadet, akafurahi, akasema hii ndiyo picha. Kisha akainua macho.

Akaiweka picha mezani.

"Mama, leo picha ni yako. Wewe ndiye hufanani nayo."

Kwenye fomu kuna mahali anaweka saini kwamba amemwona mwombaji kwa macho yake, na sura ni hiyo iliyoko pichani. Anasema hawezi kusaini asichokiona, hata akinihurumia, na ananihurumia. Gari la bahasha kwenda Kigoma linaondoka saa tisa na nusu. Mpaka hapo, nikae. Uso ukirudi, nigonge mlango.

Saa sita. Mwanaamina amehamia kwenye benchi langu na kreti nzima. Ananiwekea chupa ya baridi shavuni, ikipoteza ubaridi anaiuza, analeta nyingine. "Fuata nyuki ule asali, ndio hivyo? Wewe nyuki ndio wamekufuata." Wateja wake nao wanasimama kupima jicho. Mmoja anasema linafunguka. Mwingine anasema hapana, ni kivuli.

Bwana Gasper ametoka mara mbili. Ananiangalia, anaangalia picha, anarudi ndani.

Saa nane kasorobo. Ujumbe wa Leonidasi: Mama, wamepokea? Sijajibu. Nimemwambia Mwanaamina habari ya mtu huyu, kanunua ugomvi usiomhusu. Kaongeza chupa ya pili.

Najiuliza kama ningeiacha namba saba. Leo ningekuwa na uso na nisingekuwa na nyuki. Ningesimama Lusaka na kuambia watu nini? Nina hasira na lile tundu, nina hasira na ng'ombe wa Marcel. Naogopa sana. Lakini mzinga sijutii.

Saa tisa. Kope la juu la jicho la kushoto limeachana na la chini! Kidogo, kama mlango wenye mnyororo. Naona miguu ya watu. Kovu limeanza kujitokeza, Mwanaamina ameligusa kwa kidole na kulithibitisha.

Saa tisa na dakika ishirini. Dereva anapakia bahasha. Bwana Gasper ametoka, fomu yangu mkono mmoja, picha mkono wa pili. Nimesimama, nimevua kitambaa, nimefumbua nilichonacho. Akaisogeza picha karibu na sikio langu. Akatikisa kichwa. Nikaona ndiyo mwisho.

Halafu akaifunika kwa kiganja nusu ya picha, ile ya upande wangu uliovimba. Nusu yangu mbovu akaiacha. Akaniangalia ile nusu iliyo nzima, jicho, nyusi, sikio, pembe ya mdomo, taratibu, kama mtu anayesoma barua ya kwao. Mwanaamina ameshika chupa.

Amezunguka, ameingia ndani, mlango ameuacha wazi. Dereva amewasha gari, anapiga honi. Sijui amefuata mhuri au amefuata funguo za kufungia ofisi. Naandika nikiwa nimesimama. Nasikia droo inavutwa.